Kanisa Lisilo na Kijiji

"Waumini walikuwa wapi?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila anayefika Partrishow. Amepanda kibarabara chembamba ambacho magari mawili hayapishani. Mji wa Abergavenny ameuacha nyuma kilomita kama 8, na tangu aingie milimani hajaona duka wala mtaa. Mara anakuta kanisa la mawe limekaa ubavuni mwa mlima. Chini yake ni bonde la mto Grwyne Fawr, na kote kuzunguka ni malisho ya kondoo na nyumba za wakulima zilizo mbalimbali, hii upande huu wa bonde, ile upande wa pili.

Akiingia ndani, swali linazidi uzito. Mbele yake kuna kazi ya mbao ya kuchonga yenye umri wa miaka 500 hivi, ambayo makanisa mengi makubwa ya mijini hayana mfano wake. Nani aliilipia? Ilichongwa kwa ajili ya nani, mahali ambapo hata leo huwezi kukusanya umati?

Partrishow iko kusini mashariki mwa Welisi, nchi ya milima iliyo magharibi mwa kisiwa cha Britania, yenye lugha yake yenyewe, Kiwelisi. Milima inayolizunguka kanisa inaitwa Milima Myeusi. Sura hii inajibu maswali mawili: kwa nini kanisa lilijengwa hapo, na kwa nini vitu vyake vya kale vimesalia wakati vya wenzake vilivunjwa. Swali la pili ndilo gumu, na jibu linalotolewa mara nyingi naliona halitoshi.

Nchi ya nyumba zilizotawanyika

Tukifikiria kanisa la Ulaya ya Karne za Kati, yaani kipindi cha kati ya mwaka 500 na 1500 hivi, huwa tunaona kijiji: nyumba zimebanana, kanisa katikati, mnara umezidi mapaa yote. Ndivyo ilivyokuwa katika sehemu kubwa za Uingereza na Ufaransa. Welisi ya milimani ilikuwa na mpango mwingine. Gerald wa Welisi, padri na mwandishi mwenye damu ya Kiwelisi na ya Kinormani, aliandika mwishoni mwa karne ya 12 kwamba Wawelisi hawakai mijini, vijijini wala ngomeni, bali kila mtu ana makazi yake kando ya misitu.

Ufugaji ulichangia hali hiyo. Familia ya mlimani ilikuwa na makazi mawili. Majira ya baridi ilikaa bondeni, kwenye nyumba iliyoitwa hendre. Majira ya joto sehemu ya familia ilipanda na mifugo hadi hafod, kibanda cha malishoni, ikakamua na kutengeneza siagi na jibini huko juu hadi baridi iliporudi. Watu wenye maisha ya namna hiyo hawana sababu ya kubanana mahali pamoja.

Halafu kulikuwa na urithi. Sheria za Wawelisi, ambazo kwa desturi zinahusishwa na mfalme Hywel Dda aliyefariki mwaka 950, zilitaka ardhi ya baba igawanywe kati ya wanawe wote. Kila kijana alipata kipande chake, akajenga kwake. Vizazi vichache baadaye bonde lilikuwa na kaya nyingi za ukoo mmoja, kila moja na makazi yake, shamba lake na kijito chake.

Fikiria kaya moja ya bonde hili mwaka 1300. Mtoto akizaliwa, abatizwe. Basi anabebwa kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe, kupitia njia za kondoo. Mzee akifa, jeneza linabebwa njia hizohizo. Misa ya sikukuu nayo ina safari yake, kwenda na kurudi. Kwa watu hao kanisa lililo mbali na nyumba halikuwa jambo la ajabu. Kila kitu kilikuwa mbali na nyumba: kinu, soko, mahakama ya bwana wa eneo.

Kwa hiyo waumini walikuwapo, ila walitoka pande zote za bonde na kukutana kanisani. Partrishow lenyewe halikuwa hata kanisa kuu la eneo lake. Lilikuwa kanisa dogo chini ya parokia ya Llanbedr, na parokia ni eneo zima linalohudumiwa na padri mmoja au kanisa moja.

Lakini kama kila mahali palikuwa mbali, kwa nini likajengwa pale hasa, kwenye mteremko, na si chini kwenye tambarare?

Kisima kilitangulia

Ukishuka kidogo kutoka kanisani unafika kwenye kijito kinachoitwa Nant Mair, kijito cha Maria. Kando yake, chini ya miti, kuna kisima kidogo kilichojengewa kwa mawe yasiyochongwa, na vishubaka ambamo watu wanaacha sarafu, utepe na misalaba ya vijiti viwili vilivyofungwa kwa uzi. Mahali njia ya kisimani inapoachana na barabara pamesimama jiwe lililochorwa msalaba, la kuwaonyesha mahujaji njia.

Simulizi ya wenyeji ni fupi. Mtu wa Mungu aitwaye Issui aliishi peke yake kando ya kijito hiki katika karne za mwanzo za Ukristo wa Welisi. Siku moja alimpokea msafiri, akampa hifadhi na kumweleza habari za imani. Msafiri hakupendezwa na mahubiri. Akamuua mwenyeji wake. Issui akazikwa hapo, na watu wakaanza kuja kisimani kuomba uponyaji. Mwanzoni mwa karne ya 11, simulizi inaendelea, alikuja hujaji kutoka ng'ambo ya bahari akiwa na ukoma. Akapona, na kabla ya kuondoka akaacha dhahabu ili lijengwe kanisa.

Hakuna anayeweza kuithibitisha dhahabu hiyo. Mimi nashikilia mpangilio wa simulizi: mtu mtakatifu kwanza, kisha kaburi na kisima, kisha wageni, na kanisa mwisho. Mpangilio huo unalingana na tunavyoona katika sehemu nyingi za Welisi. Makanisa mengi ya huko yana majina ya watakatifu wasiojulikana kabisa nje ya Welisi, wengine wasiojulikana nje ya bonde moja, kwa sababu kanisa lilianza na mtu aliyeishi na kufa palepale. Msomaji wa pwani yetu hatashangaa: anayajua makaburi ya mawalii yaliyo mbali na mji, ambayo watu huyafuata kwa ziara, na msikiti mdogo umejengwa kando baadaye.

Kaburi nalo lina nafasi yake katika jengo. Upande wa magharibi wa kanisa umeungana na chumba cha sala kinachoitwa Eglwys y Bedd, kanisa la kaburi, na inaaminika kimejengwa juu ya mahali alipolazwa Issui. Kina altare yake ya jiwe. Altare ni ile meza ambayo padri anaadhimishia misa. Kina pia kidirisha kinachotazama ndani ya kanisa kubwa.

*Kwa ufupi:* kanisa la Partrishow halikuwekwa mahali pa kuwarahisishia watu safari. Liliwekwa mahali patakatifu, na watu wa nyumba zilizotawanyika wakalifuata.

Jiwe linalosema

Simulizi zina mipaka yake, lakini ndani ya kanisa kuna ushahidi wa maandishi. Karibu na mlango limesimama beseni kubwa la jiwe la kubatizia. Ukiinama uchungulie ukingo wake wa juu utaona herufi za Kilatini zimechimbwa kuuzunguka. Jiwe lenyewe ndilo linalosema, kwa nafsi ya kwanza, kwamba Menhir alilitengeneza wakati wa Genillin.

Menhir ni fundi, na hatujui lolote zaidi juu yake. Genillin anafahamika: alikuwa mtawala wa eneo hili, Ystrad Yw, katikati ya karne ya 11. Kumbukumbu za dayosisi ya Llandaff nazo zinasema kanisa la Issui liliwekwa wakfu na Askofu Herewald, aliyekuwa askofu kuanzia mwaka 1056 hadi 1104. Yaani beseni hili lilikuwa likibatiza watoto wa Kiwelisi, chini ya mtawala wa Kiwelisi, kabla Wanormani waliovamia Uingereza mwaka 1066 hawajafika kwenye mabonde haya.

Hili linanigusa kuliko kitu kingine chochote pale. Majengo ya wafalme wa enzi hiyo katika nchi hii yamebaki misingi, mengine hata misingi hayana. Beseni la fundi mmoja wa mlimani bado limesimama na jina lake linasomeka. Kuta zinazolizunguka ni za baadaye: kanisa limejengwa upya kwa vipande katika karne zilizofuata, baraza ya mlangoni ni ya karne ya 14, na sehemu ya altare kuu ni ya baadaye zaidi. Beseni ndilo kitu cha kale kuliko vyote ndani ya jengo.

Njia mbaya ya Coed Grwyne

Bonde linaonekana tulivu leo. Katika karne ya 12 lilikuwa njia ya hatari kati ya nchi ya Brecon na Abergavenny, nyembamba, yenye msitu mnene pande zote. Iliitwa Coed Grwyne, msitu wa Grwyne.

Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza alifariki Desemba 1135, na Wawelisi wakaona nafasi ya kuyarudisha mabonde yao. Aprili 1136, bwana mkubwa wa Kinormani, Richard de Clare, alikuwa akirudi kwenye ardhi zake za Cardigan. Gerald anasimulia kwamba bwana wa Abergavenny, Brian FitzCount, alimsindikiza na askari hadi mwanzo wa msitu. Hapo Richard akawarudisha wasindikizaji, akaingia msituni akiwa na watu wachache wasio na silaha, mpiga zeze na mwimbaji wakimtangulia kwa muziki. Wawelisi walikuwa wakimsubiri. Iorwerth ab Owain, wa ukoo wa watawala wa Caerleon, na watu wake waliwaua. Mwaka huohuo uasi ukaenea, na Oktoba majeshi ya Kinormani yakashindwa vibaya huko Crug Mawr, karibu na Cardigan.

Gerald alipita njia hiyohiyo miaka 52 baadaye. Jerusalem ilikuwa imetwaliwa na Salahuddin mwaka 1187, na mwaka uliofuata Baldwin, Askofu Mkuu wa Canterbury, alizunguka Welisi akihubiri ili watu wajiandikishe kwa vita vya msalaba. Gerald alikuwa mwenzake wa safari, na kitabu alichoandika juu ya ziara hiyo ndicho kinachotupa picha bora zaidi ya Welisi ya wakati ule. Anaitaja Coed Grwyne kama njia mbaya, na anasema waliiacha nyumba ya watawa ya Llanthony mkono wa kushoto, imezungukwa na milima.

Wenyeji wanasema Baldwin alihubiri Partrishow, mbele ya kanisa. Nje, chini ya ukuta wa kusini, kuna benchi refu la mawe lililoshikamana na jengo, na mbele yake umesimama msalaba wa uwanjani. Msalaba huo ni wa Karne za Kati, lakini kichwa chake kimewekwa upya katika karne ya 20. Kama Askofu Mkuu alisimama hapo au la, benchi linaeleza jambo jingine la hakika: mahubiri ya nje yalikuwa kawaida. Siku ya sikukuu, mahujaji wakichanganyika na watu wa bonde, kanisa hili dogo lisingewatosha. Wazee walikaa kwenye jiwe, jua la kusini likiwapiga usoni, na wengine wakasimama kwenye nyasi.

Kiwambo

Sasa turudi kwenye ile kazi ya mbao. Makanisa ya Karne za Kati yaligawanywa sehemu mbili: ukumbi wa watu, na sehemu ya altare kuu alipohudumu padri. Kati yake kulisimamishwa kiwambo, ukuta wa mbao wenye matundu ya kuonea na mlango katikati. Juu ya kiwambo kulikuwa na dari jembamba lenye ukingo, kama roshani, na juu yake ukasimama msalaba mkubwa wa Kristo, kwa kawaida na Maria na Yohane kando. Roshani ilifikiwa kwa ngazi. Waliipanda kuwasha mishumaa na kupamba msalaba, na pengine kuimba au kusoma.

Kiwambo cha Partrishow ni cha miaka ya 1500 hivi, cha mwaloni, na hakijawahi kupakwa rangi. Hilo ni muhimu kwa macho, maana kwingine rangi hujaza makato ya patasi. Hapa mbao imebaki wazi, rangi ya asali iliyokolea, na kila kato linaonekana. Paneli za ukingo wa roshani zimetobolewa kwa nakshi nyembamba mno, unaona mwanga nyuma yake kana kwamba ni lasi.

Simama chini ya boriti ya mbele utazame mwisho wake. Kuna joka dogo, mabawa yamekunjwa, mdomo wazi. Kutoka mdomoni mwake unatoka mzabibu unaotambaa urefu wote wa boriti, jani, kikonyo, kichala cha zabibu, jani, kikonyo, kichala, bila kukatika. Kwa kawaida mchongo huu unaelezwa kuwa ni uovu unaoutafuna wema, na mzabibu, kwa Mkristo, ni Kristo mwenyewe. Huenda fundi alimaanisha hivyo. Ninachokiona mimi ni mkono wa mtu aliyeyajua majani: yamejikunja kingo, mengine yamepinduka, hayafanani yote.

Pande mbili za mlango wa kiwambo, upande wa watu, zimesimama altare mbili za jiwe. Juu yake kuna misalaba midogo iliyochimbwa, alama ya mahali askofu alipopaka mafuta alipoziweka wakfu. Ukijumlisha na ile ya Eglwys y Bedd, altare tatu za kale ziko mahali pake. Msomaji asiyejua historia ya dini ya Britania hawezi kuona ajabu ya jambo hilo, kwa hiyo nalieleza.

Kwa nini havikuvunjwa?

Katika karne ya 16 Uingereza, iliyokwisha kuimeza Welisi kisheria mwaka 1536, ilipitia Matengenezo ya Kanisa. Hayo ni mageuzi yaliyoitenga nchi na Papa na kulifanya kanisa kuwa la Kiprotestanti. Amri zilitoka London moja baada ya nyingine:

- Mwaka 1538 hija na heshima kwa masalia ya watakatifu vilipigwa marufuku. Mwaka huohuo sanamu ya mbao ya mtakatifu Derfel, iliyokuwa ikivuta mahujaji wengi kaskazini mwa Welisi, ilipelekwa London na kuchomwa moto hadharani.
- Mwaka 1548 sanamu zote ziliamriwa kuondolewa makanisani.
- Mwaka 1550 altare za jiwe ziliamriwa kubomolewa, badala yake ziwekwe meza za mbao.
- Mwaka 1561, chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, roshani za juu ya viwambo ziliamriwa kushushwa, ingawa viwambo vyenyewe viliruhusiwa kubaki.

Rudia orodha hiyo ukiwa umesimama Partrishow. Msalaba wa juu na sanamu zake umeondoka. Lakini altare, ambazo zilitakiwa ziwe zimebomolewa, zipo. Roshani, iliyotakiwa ishushwe, ipo. Amri mbili za serikali hazikutekelezwa hapa, na miaka zaidi ya 450 imepita.

Jibu la kawaida ni umbali: mahali pamejificha, wakaguzi hawakufika. Lina ukweli. Viwambo vizuri vya Welisi vilivyobaki na roshani zake, kama vya Llananno na Llanegryn, navyo viko mashambani. Ila umbali peke yake haulindi kitu. Kaskazini zaidi, mwisho kabisa wa bonde lililofungwa na milima, liko kanisa la Pennant Melangell, lililokuwa na kaburi la fahari la mtakatifu Melangell, la karne ya 12. Huwezi kupata kanisa lililojificha zaidi ya hilo, na bado kaburi lilivunjwa, mawe yake ya nakshi yakatumika kujengea kuta za kanisa na geti la uwanja. Katika karne ya 20 ndipo yalipotolewa na kaburi likasimamishwa tena.

Mimi naona mambo matatu yalikutana Partrishow. Umbali ulitoa nafasi. Umaskini ulisaidia kwa muda mrefu zaidi, maana makanisa mengi yaliyoponea karne ya 16 yaliharibiwa baadaye na matajiri waliotaka sakafu mpya, viti vipya, kila kitu kipya, na bonde hili halikuwa na tajiri wa namna hiyo. La tatu ni watu wenyewe. Altare ya jiwe haibaki kwa kusahauliwa. Inakaa mbele ya macho ya kila anayeingia. Padri aliiona kila juma, na wazee wa kanisa wakaiona. Kila mwaka mtu fulani alikuwa na uwezo wa kusema sasa tuitoe, na kila mwaka haikutolewa. Hatuna barua wala kumbukumbu ya uamuzi huo, ila tuna matokeo yake, na kwangu matokeo yanatosha kusema kwamba watu hawa walivipenda vitu vyao.

Hawakukataa kila kipya. Kuta zilipakwa chokaa na kuandikwa Amri Kumi na maneno mengine ya imani, kama ilivyotakiwa na kanisa la Kiprotestanti, na nembo ya ufalme ikachorwa. Kwenye ukuta wa magharibi kuna kiunzi cha mifupa cha binadamu, rangi nyekundu iliyofifia, kimeshika fyekeo na kioo cha mchanga cha kupimia saa, na koleo la kuchimbia kaburi likining'inia mkononi. Ni Mauti. Kila aliyetoka ibadani aligeuka na kukutana naye. Watoto wa bonde waliambiwa amechorwa kwa damu ya mtu na kwamba ukimpaka chokaa anarudi. Ukweli ni kwamba chokaa huchakaa na rangi iliyo chini yake hujitokeza, lakini hadithi hiyo inaonyesha jinsi mchoro ulivyowaingia watu.

*Kwa ufupi:* amri zilifika, na sehemu yake ikatekelezwa. Kilichobaki kilibaki kwa sababu ya umbali, uhaba wa fedha, na vizazi vya watu waliokataa kukigusa.

Majirani

Kanisa la bonde lisitazamwe peke yake. Vuka mlima upande wa mashariki utafika bonde la mto Honddu, kwenye kanisa la Cwmyoy, maarufu kwa kupinda. Mnara umeinama kuzidi ule wa Pisa, na sehemu ya altare imeinama upande mwingine, hata ukisimama katikati unahisi sakafu inakuvuta. Chanzo ni ardhi. Milima hii ni ya mawe mekundu ya mchanga, na barafu ya kale ilipoyeyuka iliacha miteremko mikali isiyo na egemeo. Kipande kizima cha mlima kiliporomoka, na kanisa limejengwa juu ya maporomoko hayo ambayo yamekuwa yakisogea polepole. Juu zaidi kwenye bonde hilo kuna magofu ya Llanthony, ile nyumba ya watawa aliyoitaja Gerald.

Ukibaki kwenye bonde la Grwyne Fawr na kupanda kuelekea chanzo cha mto, utakuta bwawa la maji. Lilijengwa kati ya mwaka 1912 na 1928 ili kupeleka maji kwenye miji ya machimbo ya makaa ya mawe upande wa kusini. Kwa ajili ya kazi hiyo iliwekwa reli bondeni, na mahali paitwapo Blaen-y-cwm pakajengwa kijiji cha wafanyakazi na familia zao, chenye shule na hospitali. Kwa mara ya kwanza bonde la juu likapata kijiji cha kweli. Kazi ilipokwisha kijiji kilibomolewa, reli ikang'olewa, na bonde likarudi kwenye kaya zake za zamani.

Wanaolitunza sasa

Partrishow lingeweza kuanguka kwa uzee. Mwaka 1908 na 1909 lilikarabatiwa chini ya msanifu majengo W. D. Caröe, ambaye tunapaswa kumshukuru kwa alichoacha kufanya. Wasanifu wengi wa wakati wake walikwangua kuta hadi mawe yakabaki uchi na kuondoa kila kisichoeleweka. Yeye aliimarisha paa na kuta, akaviacha vya zamani vilipo.

Mwaka 1920 Kanisa la Welisi lilitenganishwa na serikali, na tangu hapo gharama za majengo kama haya ziko mikononi mwa kanisa lenyewe, wafadhili na watu wa kujitolea. Ibada bado hufanyika. Waumini wa kudumu ni wachache, na paa la mawe kwenye mlima wa mvua halimsubiri mtu awe na fedha. Naamini wageni wanaolifurahia wana deni kwake, na sanduku la michango ndani ya kanisa si pambo.

Ukijaaliwa kufika, usianze kanisani. Anzia kwenye jiwe lenye msalaba barabarani, ushuke hadi kisimani, ndipo upande kilima. Karibu na geti utaona kibanda cha mawe. Inasemekana padri aliyefika kwa farasi alimfunga humo na kukausha nguo zake motoni kabla ya ibada. Kaa kidogo kwenye benchi la nje. Ndani, tafuta herufi za Menhir kwanza, kiwambo baadaye. Kisha toka nje uzunguke hadi mwisho wa magharibi, kwa sababu Eglwys y Bedd ina mlango wake wa pekee, na wageni wengi wanaondoka bila kujua kwamba wangeweza kuufungua.